Sarafu Juu ya Barafu

"Friji yako haina kosa," fundi alisema. "Mwenye kosa ni wewe."

Mwenye bucha aliweka kisu juu ya gogo, polepole, ili kila aliyekuwa kwenye foleni aone kwamba amekiweka. Nyuma yake paja la ng'ombe lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya matope. Tangu asubuhi alikuwa anawatangazia wateja kwamba nyama imeozeshwa na fundi wa friji, yule aliyekuja juzi, akachezea kompresa, akala hela yake na kuondoka anapiga mluzi. Sasa huyo fundi amekuja, na badala ya kuomba radhi anaongea hivi.

Fundi alifungua friza, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kikombe cha plastiki kilichojaa barafu. Akakiinua juu, wateja wakione kwa chini. Kwenye kitako cha kikombe, chini ya barafu yote, kulikuwa na sarafu.

"Juzi niliiacha hii juu ya barafu. Juu kabisa, imekaa kama bwana harusi. Leo nimeikuta chini. Sarafu haiogelei, ndugu yangu, wala haichimbi. Barafu iliyeyuka, sarafu ikazama, halafu maji yakaganda tena. Friji ilizimwa. Na swichi iko ndani ya duka lako, ufunguo unalala kwenye suruali yako."

Foleni yote ikamgeukia mwenye bucha.

"Nilizima usiku mmoja tu," mwenye bucha alisema. "Bili ya umeme unalipa wewe?"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akasahau zamu yake. Mwenye bucha naye hakuwa mtu wa kukaa chini ya kicheko kwa muda mrefu. Alichukua kitambaa, akajifuta mikono, akauliza kwa sauti ile ile ya kuuzia nyama:

"Na mwanao? Wanamwekea lini hilo ini?"

"Si ini. Chembe za ini. Kesho kutwa wanaanza."

"Bure?"

"Bure."

"Mimi ini nauza mwaka wa kumi na saba huu." Mwenye bucha aliligusa ini lililoning'inia karibu na sikio lake. "Sijawahi kuona mtu akigawa ini bure. Hata utumbo sigawi. Uliza vizuri, fundi. Anayekupa kitu bure amekipima upande ambao wewe huuoni."

Kicheko cha pili kilikuwa cha fundi peke yake kukibeba. Alicheka nao, kwa meno tu. Alikuwa mtu wa kushuku kwa kazi na kwa kuzaliwa; maneno ya mwenye bucha hayakumfundisha kitu, yalikuta kiti kimeshawekwa.

Simu ikalia. Mke wake.

"Baba Mzee, njoo hospitali. Amonia imepanda."

"Imefika ngapi?"

"Mia mbili arobaini. Pita nyumbani uchukue nepi na ile blanketi ya bluu." Akashusha sauti. "Daktari anauliza maswali."

 

Mzee alikuwa na miezi mitano na kilo tano. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa na mikunjo mitatu kwenye paji la uso, kama mtu anayesubiri mwenye nyumba aje kudai kodi. Jina la kwenye cheti lilikuwepo, ila halikuwa limetumika.

Siku daktari alipotaja amonia kwa mara ya kwanza, wazazi wengine pale wodini walihitaji kuchorewa picha. Fundi hakuhitaji. Ujanani alifanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha barafu ambako amonia ilipita kwenye mabomba ya kupozea, na siku moja kiungo kilipasuka, wanaume wazima wakatoka mbio wakilia machozi, mmoja akijigonga ukutani.

"Hiyo hiyo?" aliuliza.

"Hiyo hiyo, baba," daktari alijibu. "Mimi na wewe tukila nyama, maziwa, maharage, inazalishwa mwilini, na ini linaigeuza, tunaikojoa. Ini la Mzee limezaliwa bila kifaa kimoja cha kuigeuzia. Kwa hiyo inabaki kwenye damu. Ikizidi, inapanda kwenye ubongo."

Tangu siku hiyo Mzee alilishwa kwa mrija mwembamba uliopita puani mpaka tumboni, maziwa maalumu ya kopo ya hospitali, kwa kipimo, na dawa mara nne kwa siku. Ya mama yake yalizuiwa. Mama, ambaye alikuwa mshonaji na hakuwahi kutupa hata kipande cha kitambaa cha upana wa kidole, hakuyatupa. Aliyakamua, akayagandisha kwenye vikombe vyenye vifuniko, akavibandika karatasi, akaandika tarehe kwa kalamu ya wino. Vikombe kumi na viwili. Halafu kifua kikakauka. Vile vikombe vikawa ndiyo yote.

"Ya siku akipona," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

 

Nyumbani, kabla ya nepi, kabla ya blanketi, fundi alifungua friza. Hiyo ilikuwa tabia tu, kama wengine wanavyojitazama kwenye kioo. Friza yenyewe aliiunda kutoka kwa friza tatu zilizokufa: mlango wa moja, mwili wa nyingine, kompresa ya ile ya tatu. Kwenye kona alikuwa na kikombe chake cha barafu, na sarafu juu yake.

Sarafu ilikuwa juu. Vizuri.

Alikuwa anafunga alipoona wino.

Kwenye vikombe vinne vya mke wake tarehe zilisomeka. Kwenye vinane wino ulikuwa umechuruzika na karatasi imekunjamana, kama iliyolowekwa kwenye maji ya moto. Alikitoa kimoja akakielekeza kwenye dirisha. Maziwa yaliyogandishwa mara moja alikuwa anayajua: mazito, ya manjano kidogo, rangi moja toka juu hadi chini. Haya yalikuwa na utando wa mafuta juu, na chini yake barafu nyeupe, nyepesi, unaona kidole chako upande wa pili.

Mtu aliyayeyusha. Akatumia. Akaongeza maji kikombe kijae tena, akarudisha, ili anayehesabu akute kumi na mbili.

Na ndani ya nyumba ile mwenye tabia ya kuhesabu alikuwa mmoja, yeye.

Alikaa juu ya ndoo. Wanaoishi humu ni watatu, bila Mzee. Yeye mwenyewe hakufanya. Alibaki na mama yake na mke wake, na akajikuta anampekua mke wake kwanza, kwa sababu kumshuku mama kulimfanya ajisikie mtoto wa miaka sita aliyevunja kitu.

Alichukua boksi la baridi analobebea gesi na vipuri, akalijaza barafu, akakitumbukiza kile kikombe. Kikombe cha sarafu akakiweka pembeni yake. Nepi akakumbuka. Blanketi ya bluu akaisahau.

 

"Mtoto amelala sana, anatapika, na hatujui kwa nini," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ofisi yake ilikuwa na viti viwili, kwa hiyo fundi alisimama na boksi lake kama muuza maji. Mke wake alikaa, amebana mkoba magotini. Bibi, mama yake fundi, alikaa kiti cha pili, mgongo wima, na uso wa mtu aliyekuja kununua kitu ambacho hakusudii kukinunua.

"Chembe zimefika leo asubuhi," daktari aliendelea. "Zimo kwenye tangi, zimegandishwa. Nikiziyeyusha nina saa chache tu za kuzipitisha kwenye mrija mpaka kwenye mshipa unaoingia ini. Hazigandishwi tena. Na akishawekewa, lazima nimpe dawa ya kuutuliza mwili usizifukuze. Dawa hiyo inalaza kinga. Mtoto mwenye maambukizi nikimpa, namuua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Si nilisema," Bibi alinong'ona, ila kwa mnong'ono wa kusikika. "Kuua kumeshatajwa."

"Amonia hupanda kwa mambo mawili makubwa, bibi. Vijidudu, au chakula. Ikiwa ni chakula, naishusha kwa siku mbili na tunaendelea. Ikiwa ni vijidudu, siwezi. Majibu ya damu yatachukua siku tatu. Lakini saa kumi leo lazima niwajibu wenzangu, kwa sababu kuna mtoto mwingine anazisubiri hizo chembe. Nisipojua sababu, nachukulia ni vijidudu. Zinakwenda kwa mwenzake, Mzee anarudi kwenye foleni."

"Foleni ya muda gani?" fundi aliuliza.

"Ya mara ya kwanza mlingoja miezi mitatu." Daktari alivua miwani. "Sidhani kama anayo miezi mitatu. Kwa hiyo nauliza, na si kwa ubaya: kuna mtu amempa kitu nje ya kipimo?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Mezani ilikuwepo ile fomu waliyopewa wiki iliyopita, kurasa tisa, na wote watatu walikuwa wanaujua ukurasa wa nne, kwa sababu mshonaji aliwasomea kwa sauti: familia itakayobainika kumlisha mtoto nje ya kipimo itaondolewa kwenye mpango.

"Hapana," alisema mshonaji.

"Hapana," alisema Bibi.

Daktari alimtazama fundi. Fundi alitazama boksi lake.

"Tupe dakika chache, daktari."

 

Benchi la korido lilikuwa la chuma, limetobolewa matundu, la kumfanya mtu asikae sana. Mhudumu wa usafi alikuwa anapiga deki, akawaambia wainue miguu. Wakainua, wote watatu, wakabaki hivyo miguu hewani mpaka alipopita, na hakuna aliyeona cha kuchekesha.

"Tuondoke," Bibi alisema. "Mchukueni mtoto tuondoke. Ini la maiti, limegandishwa kama samaki, linakuja kwa ndege, halafu bure! Na bado wanatuuliza sisi maswali, kana kwamba sisi ndio tumemleta maiti."

"Mama, aliyetoa alikubali. Ndugu zake walikubali."

"Ulikuwepo? Na kama lilikuwa zima mbona hakupewa mtu mzima wa kulipa?"

Hilo fundi alishamuuliza daktari, kwa maneno karibu hayo hayo. Akajibiwa kwamba ini lenyewe lilikuwa na mafuta mengi, halikufaa kupandikizwa zima, lakini chembe zake nyingi zilikuwa hai, zikachujwa. Yeye alilielewa hilo kuliko alivyotaka. Friza yake mwenyewe ilikuwa inanguruma kwa kompresa ya marehemu.

Alifungua boksi, akaweka kikombe cha maziwa kwenye matundu ya benchi.

"Vinane viko hivi."

Mke wake alikitazama mara moja, akageukia ukuta.

"Umeme ulikatika," alisema. "Juzi. Ulikatika sana."

Fundi akatoa kikombe cha pili. Barafu, na sarafu juu yake, inang'aa chini ya taa ya korido.

"Haukukatika, Mama Mzee. Ungekatika, hii ingekuwa chini."

"Kwa hiyo unanipeleleza? Ndani ya friza?"

"Naipeleleza friza. Wewe ndiye umetoka humo."

"Baba Mzee, chunga mdomo wako."

"Nauchunga! Ningekuwa siuchungi ningeyasema mbele ya daktari. Mimi kutwa natembea na misumari mfukoni nikitukanwa na mtu wa bucha, najua nyumbani kuna watu wawili wazima na kipimo kimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kama bango la..."

"Ni mimi," Bibi alisema.

Alisema akiwa anafunga upya kilemba chake, kama mtu anayetaja bei.

"Mama?"

"Nimesema ni mimi. Umenisikia. Mtoto alikuwa analia njaa, nikampa. Nimelea saba bila kipimo ukutani. Kamwambie daktari wako, aniondoe mimi kwenye huo mpango. Mimi siumwi ini."

Alisimama na kuanza kutembea kuelekea ofisini, viatu vikimpiga visigino. Fundi alimfuata na boksi. Kwa nusu ya korido alisikia ahueni, kisha aibu kwa ile ahueni, kisha kitu cha tatu kikaanza kumkwaruza, na hakikuwa na jina bado. Mke wake alibaki nyuma, anatembea akiwa ameshika ukuta.

 

"Ulimpa kiasi gani, bibi?" daktari aliuliza, kalamu tayari.

"Kikombe."

"Kimoja?"

"Kimoja. Viwili. Alikuwa anakula vizuri tu, mwenyewe, anameza mpaka anakodoa macho."

"Anameza. Ulimlisha kwa nini?"

"Kwa kijiko, daktari. Mtoto analishwa kwa nini, koleo?"

Daktari hakuandika. Aliiweka kalamu chini taratibu.

"Mzee hajaweza kumeza kijiko cha maji tangu mwezi uliopita, bibi. Kikipita hapa anapaliwa, anageuka bluu. Ungekuwa umemlisha vikombe kwa kijiko, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Hapo ndipo kile kitu cha tatu kikapata jina. Mama yake alikuwa hawezi kuutazama ule mrija. Kila ikitolewa sindano ya kulishia alikuwa anakumbuka nguo za kuanua, hata mvua ikiwa inanyesha. Hakuwahi kuugusa. Asingejua hata uzibo wake unafunguliwa upande gani.

"Mama, unadanganya," alisema fundi.

"Mwongo ni wewe uliyezaa mtoto wa mabomba," Bibi alijibu, lakini sauti ilikuwa imepasuka katikati.

Mlangoni, mshonaji alisema, "Mililita sitini."

Wote wakageuka.

"Sitini kila mara, mara nne kwa siku, kwa siku nne. Natoa nusu ya kila kikombe, ya kulisha mara mbili, nachanganya na ya kopo. Nilipunguza ya kopo ili tumbo lisivimbe. Nilianza Ijumaa saa saba mchana. Ya mwisho jana saa kumi na mbili jioni." Alikuwa anaongea kama anasoma vipimo vya mteja, mabega, kiuno, urefu wa mkono. "Jana nilipoona amelegea nikaacha."

"Kwa nini?" fundi aliuliza.

"Kwa sababu mlikuwa mnasema tu!" Alimgeukia. "Wewe unarudi na maneno ya bucha, bure ina mwenyewe, bure ina mwenyewe. Mama anasema wanamfanyia majaribio kama panya. Kila siku. Mezani, kitandani. Nikaamini. Nikasema Alhamisi wanamtoboa na asipoamka, atakuwa ameishi miezi mitano anakunywa maji meupe ya kopo na hajawahi kushiba kitu changu. Nikasema basi ashibe. Siku nne tu. Yalikuwa yake."

Nje mhudumu wa usafi aligonga ndoo.

"Nilimwona," Bibi alisema, safari hii chini kabisa. "Ijumaa. Nilirudi kuchukua ufunguo, nikamwona anamwekea huku anamwimbia. Nikatoka tena. Sikusema kitu. Nilifurahi, daktari. Kama ni kosa, andika na hilo."

Daktari alikuwa ameshaanza kupiga hesabu kwenye kipande cha karatasi. Alipiga mara mbili. Halafu akashusha pumzi ndefu ambayo haikufanana na hasira.

"Inaingia," alisema. "Kwa kiasi hicho, kwa siku nne, hesabu inafika mia mbili arobaini."

Lakini hapo hapo mkono wake ulisimama juu ya simu. Naye alikuwa mtu wa kushuku. Mezani kwake watu wawili walikuwa wamekana muda mfupi uliopita, mmoja akakiri uongo, na sasa wa pili anakiri kitu kinachomfaa kila mtu. Mzazi aliyeambiwa kwamba chakula kitamwokoa mtoto anaweza kukiri chakula chochote.

"Nitajuaje?" aliuliza, na safari hii alimtazama fundi peke yake. "Samahani kwa kuuliza. Nitajuaje kwamba hamkukaa kwenye benchi mkakubaliana?"

Fundi aliliweka boksi juu ya zile kurasa tisa, akafungua kifuniko.

"Hiki ni kimoja kati ya vinane. Peleka maabara, nusu ni maji ya bomba. Umeme haukukatika, na shahidi wangu huyu hapa." Akaeleza sarafu, kwa kirefu kidogo, maana alikuwa hawezi kuieleza kwa kifupi. "Na tarehe zimechuruzika kwa maji ya moto. Hili nimelikuta nyumbani kabla hujatuambia chochote cha chakula wala vijidudu. Mke wangu hakujua nimekibeba. Ningekuwa napanga uongo, daktari, ningepanga wa kunipendeza zaidi ya huu."

Daktari alikiinua kikombe kwenye mwanga, kama alivyofanya fundi kwenye dirisha. Akakitazama kwa muda. Akachukua simu.

"Zinabaki hapa," alisema kwenye simu. "Ni chakula. Nina uhakika wa kutosha. Tunaishusha, na hazitayeyushwa mpaka damu itoke safi. Ndiyo. Ndiyo, najua inavyosema fomu."

Alipokata simu, mshonaji aliuliza, "Na ukurasa wa nne?"

"Ukurasa wa nne niliuandika mimi." Daktari alichomoa fomu chini ya boksi, ilikuwa imelowa pembeni. "Nilitaka kuwatisha watu wasilishe. Nimewatisha wasiseme." Akauchana ukurasa ule, akaukunja mara mbili, akaufutia maji ya barafu yaliyodondoka mezani.

 

Amonia ilishuka hadi tisini. Damu ilitoka safi. Asubuhi ya kuyeyusha, fundi aligoma kusaini mpaka aoneshwe tangi.

"Zimetoka mbali," alimwambia mtaalamu wa maabara, kijana mwenye glovu nene kama za mwoka mikate. "Nyie mna sarafu?"

Kijana alimwonesha karatasi yenye mstari mmoja mrefu, joto la ndani ya tangi saa kwa saa, tangu lilipofungwa. Fundi aliufuata kwa kidole. Katikati palikuwa na kilima kidogo.

"Hapa?"

"Waliongeza naitrojeni ya kugandishia. Kifuniko kilifunguliwa dakika mbili. Hazikukaribia hata kidogo kuyeyuka."

Fundi alirudia kile kilima mara tatu, akitafuta pa kubishia. Akasaini. Aliona aibu kwamba mkono wake ulitulia zaidi baada ya kuona kasoro kuliko kabla, ila ndivyo alivyokuwa. Kitu kisicho na kasoro hata moja kingemfanya akatae.

Bibi alitarajia kitu kikubwa. Alipoona sindano yenye maji ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na kutu kidogo, inasukumwa polepole mno kwenye mrija, alimuuliza muuguzi, "Ndiyo hiki tu?"

"Ndiyo hiki, bibi. Na kesho kingine, na kesho kutwa."

"Na huyu aliyetoa, alikuwa nani?"

"Hatuambiwi."

Bibi alifikiri. "Basi mwambieni asante, kwa huko mnakopeleka karatasi zenu." Akatoka kwenda kuanua nguo, hospitalini.

 

Wiki sita baadaye amonia ilikuwa arobaini na tano. Daktari hakupiga makofi. Alisema chembe zinafanya kazi kidogo, kidogo ya kutosha, na kazi yake ni kumvusha Mzee mpaka afike kilo za kuwekewa kipande cha ini lenye afya, na huko hakuna anayeahidi kitu. Halafu akaandika kipimo kipya. Na chini yake, kwa mkono: maziwa ya mama, mililita thelathini kwa siku. Akamwambia mshonaji kwamba yaliyoyeyushwa mara mbili hayafai hata tone.

Nyumbani vile vilivyochuruzika vilikuwa vimeshamwagwa. Vikabaki vinne. Mshonaji alikaa na Mzee mapajani. Mzee alikuwa amekunja paji la uso, anawatazama wote kama wanaomchelewesha. Sindano ilikuwa imeoshwa, imekauka, imelazwa kwenye kitambaa safi.

Bibi alisimama mlangoni. Kapu la nguo lilikuwa mkononi, na nje hakukuwa na nguo yoyote kwenye kamba.

"Huo uzibo," alisema, "unafunguliwa upande gani?"

"Kulia, mama."

Aliweka kapu chini. Alinawa mikono hadi viwiko, mara mbili, akaja akapiga magoti mbele ya mkwewe, akaishika sindano tupu kwa vidole viwili kama kitu kinachoweza kuuma.

Fundi alikuwa kwenye friza, ameshika kikombe chenye tarehe inayosomeka. Mkono mwingine ulikuwa ndani bado.

"Baba Mzee," mke wake alisema, bila kuinua macho. "Iko wapi?"

Alikuwa ameshaitazama mara mbili. Akainama, akaitazama tena.

"Iko juu," alisema.

"Basi leta."